Marehemu Waliocheka Mdomo Mmoja

Mtaani walimwita Mama Picha, ingawa hakuwa na mtoto. Jina hilo alilipata katika studio ya mjomba wake, alikofanya kazi tangu alipomaliza shule. Mjomba alipiga picha mbele ya pazia la buluu, na yeye, nyuma ya kompyuta yenye feni iliyovuma kama kinu cha kusaga, alifuta chunusi, akanyoosha kola, akakausha jasho la paji la uso. Wateja walitoka na picha zao wakisema, "Mama Picha kanitoa vizuri kuliko nilivyozaliwa!" Wenye midomo yao walisema hana mtoto, picha ndizo alizozaa. Hilo nalo lilimfikia. Alilimeza, kama mtu anavyomeza dawa chungu akijua hakuna wa kumlalamikia.

Halafu zikaja simu za kamera, na kila mtu akawa na studio mfukoni. Mjomba alivumilia, akavumilia, mpaka siku alipojikuta amekaa kutwa nzima akijipepea kwa bahasha za picha ambazo hazina picha. Akafunga. Alimpa mpwa wake ile kompyuta pamoja na kibao cha kuchorea, kile cha plastiki nyeusi chenye kalamu yake, ambacho alikinunua kwa matumaini makubwa na hakuwahi kukitumia.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Hiki kitu kilinishinda. Nikichora huku, mstari unatokea kule. Labda wewe nacho mtaelewana."

Mama Picha alivibeba mpaka kwa Shangazi yake. Huyu Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu utotoni, na bado walikaa pamoja katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa fundi cherehani, na nguo za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake. Magoti yalikuwa yamemstaafisha, lakini mdomo ulikuwa bado kazini.

"Hiyo televisheni unaileta ya nini, haina hata taarifa ya habari?" aliuliza alipoiona kompyuta inaingia mlangoni. Hata hivyo alisogeza vitambaa vyake, wakaiweka karibu na dirisha.

Kuelewana na kile kibao kulichukua muda. Mkono ulikuwa huku chini, macho kule kwenye skrini, na katikati yao shingo iliyokakamaa. Mistari yake ya mwanzo ilitetemeka kama ya mtu anayeandika ndani ya gari. Lakini Mama Picha alikuwa na kitu kimoja ambacho wengi hawana: hakuwa na haraka. Alichora vikombe, viatu vya Shangazi, kitasa cha mlango. Akafuta, akachora tena.

Kazi ya kwanza ya maana ililetwa na seremala wa jirani. Mkewe alikuwa amefariki, na picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wengi harusini, ambamo mkewe alionekana nyuma kabisa, nusu ya uso imezibwa na bega la mtu. "Nitolee huyu," alisema seremala, akiweka kidole juu ya bega. Mama Picha alimhoji: alikuwa na shavu la namna gani, nywele alizigawa upande upi, alipokasirika alikunja nini. Akamchora. Seremala aliitazama ile picha akiwa amesimama wima, akasema, "Ndiye," kisha akageuka akaondoka bila kuaga, kwa sababu machozi yalikuwa yanamwahi.

Mdogo wake Mama Picha alikuwa fundi simu, kijana wa maneno mengi na mipango mingi zaidi. Yeye ndiye aliyemfungulia ukurasa mtandaoni. "Dada, kipaji bila watu kukiona ni kama taa ndani ya sanduku," alimwambia. "Weka kazi zako hapa. Watu waje, wachague, waagize." Akampangia vizuri: picha safi zote katika safu, jina juu, na maelezo mafupi. Picha ya mke wa seremala ikakaa ya kwanza.

Maagizo yakaja, na yote yalikuwa ya marehemu. Watu walileta vitambulisho vilivyochanika, picha zilizoliwa na mchwa, picha zilizopigwa gizani. Kila mmoja alikuwa na lake. "Mvalishe suti, hakuwahi kuwa nayo." "Mtoe kovu." "Mweke karibu na mjukuu wake, huyu hapa, hawakuwahi kuonana." Na karibu wote walimalizia kwa maneno yaleyale: "Naomba awe anatabasamu."

Mwanzoni Mama Picha aliona fahari. Ukurasa ulijaa, wafuasi wakaongezeka, na mdogo wake akawa anatembea mtaani kama yeye ndiye mchoraji. Lakini kazi ya namna hiyo ina uzito usiopimwa kwenye mizani. Watu walimtumia ujumbe wa sauti wakilia. Alisikiliza huku akikosha vyombo, huku akipika, huku akimpaka Shangazi dawa ya magoti. Alijifunza kusema "pole sana" bila kuhisi chochote, na siku alipogundua kwamba hahisi chochote, alichoka zaidi. Kiganja cha kulia kilianza kumuuma kuanzia kidole gumba kwenda juu. Asubuhi aliamka kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

Mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato, na yeye alitafuta yake. Katika kazi moja ya zamani alikuwa amepata tabasamu zuri kweli: midomo iliyofunguka kidogo, meno ya juu yakionekana, kona moja imepanda kuliko nyingine. Akalihifadhi. Marehemu mwingine alipokuja bila mdomo wa kueleweka, alilichukua, akalipunguza, akambandika. Halafu mwingine. Akawa analibadilisha rangi tu, kama fundi anayetumia kitambaa kimoja kwa sare ya shule nzima.

Siku ya mambo kulipuka alikuwa uani anaanika nguo. Simu ililia ndani ya kikapu cha vibanio, ikalia tena, haikunyamaza. Alijifuta mikono akaitazama. Chini ya picha ya bibi mmoja aliyoiweka jana yake, mtu alikuwa ameandika: "Samahani, mbona mama yangu na huyo mzee wa picha ya juu wanacheka mdomo mmoja?" Wa pili akaongeza: "Hata babu yangu." Wa tatu alikuwa na muda wa kupoteza, alikata midomo yote akaipanga safu moja, kama duka la meno. Chini yake watu wakawa wanamwaga vichekesho. "Kumbe ahera kuna mdomo wa kuazima." "Wanapokezana zamu."

Mama Picha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Masikio yalimwaka moto. Mdogo wake alifika mbio, simu mkononi.

"Futa hayo maneno, dada! Wazuie wote. Kesho watasahau."

"Nikiwazuia, ile midomo itabadilika?"

"Haitabadilika, lakini hawataiona."

"Mimi nitaiona," alisema Mama Picha.

Alimpigia mwenye yale maneno ya kwanza. Alikuwa muuguzi, sauti yake ya chini na ya uchovu, mtu aliyezoea kuwapa wengine habari mbaya. Mama Picha alimwambia ukweli wote, bila kuupaka rangi: kwamba mdomo haukuwa wa mama yake, kwamba ulitoka kwa mtu mwingine, na kwamba yeye alichoka akafanya uvivu.

"Nilijua," alisema muuguzi. "Nilipoiona nilifurahi, halafu nikawa sipendi kuitazama, na sikujua kwa nini. Mama yangu hakucheka hivyo kabisa. Alikuwa na pengo mbele, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, mabega ndiyo yanacheka. Mimi ndiye niliyekwambia umtie tabasamu. Kosa tuligawane."

"Nitamchora upya."

"Ukiweza," alisema muuguzi. Hakulisema kwa ubaya, lakini Mama Picha alilihisi kama mwiba.

Na kweli hakuweza. Alikaa mbele ya skrini siku baada ya siku. Mkono alioufundisha kubandika ulikuwa umesahau kuchora. Kila bega alilolichora lilikaa kama la kiti. Kila kiganja kilifanana na glavu.

Wakati wote huo Shangazi alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba, akitengua pindo la gauni, pini zimepangwa katikati ya midomo yake, akizungumza kupitia kwenye pini hizo kama kawaida yake. Alisimuliwa kisa cha midomo tangu mwanzo. Alicheka mpaka akazitoa pini asije akazimeza.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "unajua tatizo lako? Marehemu hawabishi. Mimi nimeshona miaka nenda rudi. Mteja akivaa gauni, anageuka mbele ya kioo, anasema hapa panabana, hapa pamekaa kama gunia. Nanuna, lakini natengua. Hivyo ndivyo nilivyojua kushona. Wewe wateja wako wote wamelala, nani atakwambia panabana?" Akazirudisha pini mdomoni. "Nichore mimi. Nichore nikiwa bado naweza kubisha."

Basi wakaanza, asubuhi, mwanga wa dirisha ukiwa bado mpole. Mama Picha alidhani atamaliza kwa kikao kimoja. Alichora, akasafisha, akamwonyesha.

Shangazi aliinama mbele ya skrini, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Mimi? Umenichora kama nimeshaoshwa nangoja sanda."

Mama Picha alitaka kucheka na alitaka kulia. Alifuta. Ya pili Shangazi alisema shingo ni ya kuku. Ya tatu alisema imependeza mno, na kwa hiyo si yeye. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mikunjo hii nimeisotea. Irudishe." Ya nne walinuniana. Mama Picha alizima kompyuta kwa kishindo akaenda kulala mchana kweupe, na Shangazi akabaki akiuambia ukuta kwamba vijana wa siku hizi hawana subira.

Lakini kitu kilikuwa kinatokea bila yeye kujua. Shangazi hakunyamaza hata kidogo alipochorwa. Alisimulia ugomvi wa zamani, alisahihisha habari za redioni, alimkemea paka wa jirani. Mdomo haukutulia, kwa hiyo hapakuwa na cha kubandika. Ikabidi Mama Picha aache kutafuta mdomo, atafute kile kinachousukuma: shavu linavyoingia ndani, mshipa wa shingo unavyosimama, nyusi zinavyotangulia neno. Akawa anachora upesi, mistari michache, anatupa, anaanza mwingine. Kiganja kilimuuma, alikifunga kitambaa akaendelea.

Siku moja Shangazi alikuwa amebana pini mdomoni, anamgombeza fundi simu aliyekuja kuomba chai akakuta birika tupu. Mama Picha akamnasa palepale: midomo imefumba juu ya pini, lakini uso mzima unafoka. Alipomwonyesha, Shangazi alitazama muda mrefu.

"Sikio la kushoto umelikosea," alisema hatimaye. Kisha akaenda kuteleka chai, kwa kujikongoja, akinung'unika. Kwa Shangazi hiyo ilikuwa shahada.

Baada ya hapo Mama Picha alimrudia mama wa muuguzi. Safari hii aliomba video. Muuguzi alikuwa nayo moja, fupi, ya jikoni, mama akionekana kwa mgongo. Mama Picha aliitazama mpaka akayajua yale mabega kama yake mwenyewe. Alichora kiganja kimeziba mdomo, macho yamefumba, bega moja limepanda. Tabasamu halikuonekana popote. Muuguzi alipoipata hakutuma sauti, wala hakuandika mengi. "Ameniita," ndivyo alivyoandika. "Nimesikia kabisa ameniita."

Jamaa za wale wengine aliowabandika mdomo aliwaandikia mmoja mmoja. Wengine walitaka kuchorewa upya, wengine walimtukana, na wengine walisema wameshauzoea mdomo huo, uachwe. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuchora kwenyewe. Kisha akaingia kwenye ukurasa wake akaanza kutoa picha. Zilizobaki zilikuwa chache mno: mke wa seremala, mama wa muuguzi, na Shangazi na pini zake. Akaongeza walio hai aliowaomba wakae wabishe: fundi viatu wa kona, mama muuza mkaa, dereva mstaafu aliyesinzia kabla hajabisha.

Mdogo wake alishika kichwa. "Dada, unatia mchanga kitumbua chako mwenyewe! Watu wanataka marehemu wao, wewe unawaletea mama wa mkaa?"

"Wakitaka marehemu watauliza. Lakini wakifungua mlango wangu nataka wakute nilichojifunza, si nilichokariri."

"Utalia."

"Nimeshalia. Sasa nimechoka tu."

Na mdogo wake hakukosea sana. Wafuasi walipungua kama maji ya ndoo iliyotoboka. Picha ya dereva ilikaa siku nyingi bila mtu kusema neno. Mama Picha alirudi kusafisha picha za vitambulisho katika duka la fotokopi la mtu mwingine, akisimama kutwa, na jioni miguu ilimvimba. Asubuhi alichora. Kuna siku alikaa mbele ya kibao kalamu mkononi, asichore chochote, akasikiliza feni ikivuma mpaka muda wa kazi ukafika. Hakuna aliyemlazimisha kuendelea, na mara nyingine hakujua kwa nini anaendelea. Labda kwa sababu Shangazi alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kiti, anasema, "Haya, leo utalikosea sikio gani?"

Alipiga moyo konde akatuma anwani ya ukurasa wake kwa mhariri wa vitabu vya watoto. Jibu lilichelewa mpaka akalisahau. Lilipokuja lilikuwa simu, si barua, sauti ya mwanamke aliyekuwa anatafuna kitu.

"Wewe ndiye wa yule bibi wa pini?"

"Ndiye mimi."

"Nimemsikia anafoka kabisa. Nimewaonyesha wenzangu hapa, tumecheka. Sasa nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Ukweli. Nyumbani kubembelezwa hakupo."

"Watu wako wote wamekaa," alisema mhariri. "Nimetazama ukurasa mzima, hakuna hata mmoja aliyesimama, achilia mbali kukimbia. Kitabu cha watoto ni kukimbia, kuanguka, kupanda. Siwezi kukupa kazi sasa. Jifunze miguu, kisha nipigie."

Mama Picha alikata simu. Aliona kama amepanda kilima kirefu, akafika juu, na mbele yake kuna kilima kingine. Alimweleza Shangazi.

"Ana haki," alisema Shangazi. "Lakini mimi usinitegemee. Magoti haya hayakimbii kwa ajili ya sanaa ya mtu."

Basi akawa anatoka mapema dukani siku alizoweza, anasimama mkabala na lango la shule wakati wa kutoka, na kijidaftari cha karatasi. Watoto walitoka kama maharage yaliyomwagika. Miguu yao haikungoja. Kurasa za mwanzo zilijaa vitu kama buibui. Mlinzi wa lango alimshuku, akamhoji, akaridhika, kisha akaanza kumshauri: "Huyo mbona goti lake limekunjikia nyuma?" Kila mtu, ilionekana, alizaliwa mkosoaji. Nyumbani alihamishia kwenye kibao michoro iliyofaa, akaiweka kwenye ukurasa wake, lakini mingi haikufaa. Mvua zilianza, zikaisha. Wale watoto wa darasa la kwanza walipanda darasa, na yeye bado alikuwa pale mkabala na lango, kitambaa kiganjani.

Alipompigia tena mhariri, hakuwa na matumaini wala woga; vyote vilikuwa vimechoka. Mhariri alifungua ukurasa wakiwa bado kwenye simu. Mama Picha alimsikia akibofya, akinyamaza, akibofya. "Huyu mwenye kiatu kimoja anakwenda wapi?" aliuliza mhariri.

"Sijui. Alinipita."

"Nina hadithi ya mtoto anayechelewa kila mahali," alisema mhariri. "Njoo Jumatatu."

Kile kitabu kilimlia miezi. Kurasa zilirudishwa na alama nyekundu, zikarudishwa tena. Katikati aliapa hatachora mguu mwingine maishani. Lakini kilichapwa, chembamba, chenye jalada la njano, na ndani, chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lake halisi ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Mdogo wake alikipiga picha akaiweka kwenye ukurasa kabla hata yeye hajakishika sawasawa. Watu wakaanza kurudi, polepole, wengine wakiulizia vitabu, wengine bado wakiulizia marehemu wao, na hao nao aliwapokea, mmoja kwa wakati, kwa sharti la kusimuliwa kwanza.

Ilikuwa Jumapili mchana alipomsomea Shangazi kile kitabu. Shangazi alisema miwani yake haioni herufi za kitoto. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, akauliza kwa nini huyo mtoto hachapwi, akasema mama yake amechorwa mwembamba mno kwa mtu anayepiga kelele hivyo. Walipofika katikati, majibu yakawa mafupi. Mama Picha alipoinua macho, Shangazi alikuwa amelala, kidevu kifuani, anakoroma taratibu.

Mama Picha aliendelea kufungua kurasa peke yake. Aliona mguu mmoja, ukurasa wa kati, uliotoka mfupi kuliko mwenzake. Mhariri hakuuona, na sasa hakuna wa kuutengua. Aliutazama, akapumua kwa kishindo, akafunga kitabu. Kule mezani simu iliwaka mwanga kwa ujumbe mpya. Hakuinuka. Alimvua Shangazi viatu, akamwekea mto nyuma ya shingo, naye akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti kilekile, akafumba macho.